Duka la vitabu vya Kikristo Makoroboi: vitabu vizuri, ila muuzaji jiandae naye

Kama unatafuta Biblia au kitabu cha mafundisho hapa Mwanza mjini kuna kaduka kamoja maeneo ya Makoroboi, jina silitaji maana nitakayosema huku chini mengine mzee mwenyewe hatayapenda. Biblia za tafsiri ya Union zipo saizi zote mpaka zile za maandishi makubwa, vitabu vya tenzi vipo, bei imechangamka kidogo kuliko kwa wanaotandaza chini lakini kurasa hazichomoki. Mafuta ya upako hauzi, ukimuulizia anacheka tu.

Kilichonifanya niandike ni mzee mwenyewe. Ukishika kitabu anakuuliza unasali wapi, unatafuta nini, afu anakwambia wazi huyu mwandishi hapa yuko sawa ila sura ya uponyaji kapotoka, kasome Ayubu kwanza. Mi naipenda hii, maana mjini kila kona kuna spika na kila mwenye spika ana ufunuo wake, sisi tunaitikia amina hata hajamaliza kusema. Mtu akikwambia mwanao haponi sababu imani yako ndogo, hapo huwezi kusema kila mtu na dhehebu lake, watu wanaacha dozi jamani.

Shida ni namna anavyofanya. Kuna siku kaingia dogo mmoja anafundisha Sunday skuli, anaelezea Utatu, yaani Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kuwa Mungu mmoja, kwamba ni kama maji, mara barafu mara mvuke. Mzee akamkata palepale mbele ya wateja, hayo ni mafundisho ya Sabellius, karne ya 3 kule Roma, kwamba Mungu ni mmoja anabadilisha sura tu, sasa Yesu anabatizwa Yordani ile sauti ya mbinguni ilikuwa ya nani? Akaunganisha na Arius aliyefundisha kwamba Mwana kaumbwa, na mtaguso wa Nikea mwaka 325, mkutano wa maaskofu uliomkataa, Mwana hakuumbwa, ni wa asili moja na Baba. Hoja zote sahihi kabisa, ila dogo aliondoka hajanunua hata kalamu na nahisi watoto Jumapili wamefundishwa barafu ileile.

Nikamwambia mzee wangu, Matendo 18 Priskila na Akila walimsikia Apolo pale Efeso anajua ubatizo wa Yohana tu, wakamchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi. Akanirudishia Wagalatia 2, mwanangu, Paulo alimkemea Kefa, yaani Petro, mbele ya wote Antiokia. Sawa, lakini Kefa alikuwa mtume, alijitenga mezani na watu wa Mataifa wote wanaona mpaka Barnaba akafuata mkumbo, dogo yeye kakosea mfano. Akanyamaza, afu akanipunguzia buku mbili kwenye kamusi ya Biblia, sijui ndo kukubali kwenyewe.

Kuna kabenchi nyuma ya makabati, angekuwa anawaitia pale. Kulipa kwa simu inakubali, Jumapili hafungui, saa saba mchana huwa kaenda kula so subiri. Nyota nne.