Migomba ya mapambo: upi ununue, upi uache

Mche mdogo wa mgomba adimu hufanana mno na mche wa mgomba wa shambani, na hapo ndipo watu wanapolizwa. Kwa hiyo aina zilizo hapa nimezipanga kwa kuangalia jambo moja: mnunuzi wa Dar, Mombasa, Nairobi au Arusha anaweza kujihakikishia anachonunua kabla hajatoa pesa? Uzuri unafuata baada ya hapo.

1. Zebrina

Asili yake ni Java, Indonesia. Huu huna haja ya kungoja ua wala mkungu kuutambua, kwa sababu jani lenyewe, hata la mche mchanga, lina mabaka ya rangi ya damu ya mzee, na ukiligeuza upande wa chini unaona wekundu zaidi. Mche usio na baka lolote uache, hata muuzaji akikuapia kwamba yatatokea baadaye. Hutoa machipukizi, kwa hiyo mche mmoja utakupa mingine ya kugawia majirani. Hukua hadi mita 2 au 3. Pwani tatizo lake ni upepo, maana huyachana majani yote na uzuri wa mgomba huu ni majani. Upe ukuta au uzio wa kuukinga, na mwanga wa kutosha ili mabaka yakolee. Vindizi vyake vimejaa mbegu, si vya kula.

2. Mzungu mwekundu

Watu wa Unguja na Pemba watashangaa kuuona kwenye orodha hii, kwani ndizi zake wamezizoea sokoni Darajani. Lakini kwa bustani ya bara ni mgomba wa kifahari: shina lenye wekundu uliokolea, uti wa jani mwekundu, na mkungu mwekundu unaolika. Tena chipukizi lake ni rahisi kuliko kingine chochote hapa. Sharti langu ni moja, nenda ukauone mgomba mama umesimama. Aina hii mara nyingine hubadilika yenyewe na kuzaa ndizi za kijani, wanazoziita mzungu mweupe. Chipukizi lenye shina la kijani tupu liache, chukua lenye wekundu. Ni mgomba mrefu na huchelewa kuzaa, basi usiupande chini ya waya za umeme.

3. Velutina

Huu unatoka kaskazini-mashariki mwa India. Ni mfupi, kama mita 1.5, unakaa vizuri hata kwenye chungu kikubwa. Ua lake husimama wima badala ya kuning'inia, na vindizi vyake ni vya waridi, vyenye manyoya laini kama kitambaa cha mahameli, ambavyo vikiiva hujimenya vyenyewe mtini. Ukiacha ensete (namba 4), ni aina pekee hapa ambayo ningekubali kuinunua kwa mbegu. Ila zitazame: mbegu za velutina ni ndogo. Ukiletewa mbegu nyeusi ngumu zenye upana unaozidi sentimita 1, hizo ni za ensete.

4. Ensete

Ensete ni ndugu wa mgomba, na ni ya kwetu. Humea yenyewe kwenye milima ya Afrika Mashariki, na Ethiopia ni chakula cha mamilioni ya watu, ambao hula kitako na shina, si tunda. Kwa Lushoto, Mbeya, Limuru au Iringa ningeiweka namba moja bila kusita. Kwa joto la pwani sikushauri. Utaijua kwa tako la shina lililovimba, majani makubwa yanayopanda juu karibu bila vikonyo, na kutokuwa na watoto. Anayekuuzia "chipukizi la ensete" lililong'olewa kando ya mama, basi anakuuzia mgomba mwingine. Huchanua mara moja baada ya miaka kadhaa kisha hufa, kwa hiyo otesha mbegu mapema za kurithi nafasi. Iliyo nyekundu huitwa Maurelii. Tafuta miche ya tishu, yaani iliyokuzwa maabara kutoka kipande cha mmea mama, kwa kuwa inayotokana na mbegu hailingani rangi. Na tafadhali, usinunue iliyong'olewa msituni.

5. Ae Ae na Siam Ruby

Ae Ae, ya Hawaii, ina majani na ndizi zenye michirizi ya kijani na nyeupe. Siam Ruby ina jani jekundu lenye madoadoa ya kijani. Ni za kupendeza na ni ghali, nami nimeziweka mwisho kwa sababu ndizo zinazoghushiwa zaidi. Chipukizi la Ae Ae lazima liwe na rangi zote mbili: jeupe tupu litakufa, la kijani tupu limesharudi kuwa mgomba wa kawaida. Ndizi zake hazina mbegu, kwa hiyo pakiti ya "mbegu za Ae Ae" ni utapeli. Vivyo hivyo mbegu za "ndizi ya bluu". Blue Java ipo kweli, lakini ganda lake changa lina weupe wa bluu ya kufifia, na likiiva huwa la njano. Zile picha za bluu kali zimepakwa rangi.

Kuhusu afya ya mche

Hapa sina mzaha. Mnyauko wa bakteria, ambao Kagera huitwa unyanjano, ulielezwa kwanza kwenye ensete huko Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na umeshamaliza mashamba ya watu. Mgomba wa mapambo unaweza kuubeba hadi kwenye ndizi za jirani. Usichukue chipukizi kwenye shina ambalo likikatwa linatoa usaha wa njano, wala lenye majani membamba yaliyosongamana kileleni, dalili ya virusi visivyo na dawa. Chipukizi lililo zima limenye mizizi hadi tunguu, yaani kitako chake, liwe jeupe, kisha lichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hilo huua minyoo na fukusi, si virusi. Miche ya tishu kutoka maabara inayoaminika ndiyo salama zaidi. Ukiagiza nje, tafuta kibali kwanza kwa mamlaka ya afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania, na mwambie muuzaji alete cheti cha afya ya mimea. Akikwepa swali hilo, usimtumie pesa.