Columbo kwenye diski, misimu saba: hela yangu imekaa pahali pake

Nimenunua hapa Malindi makasha saba ya diski za Columbo, kipindi cha runinga cha Kimarekani kuhusu mpelelezi wa polisi, Luteni Columbo, misimu yote iliyotoka kati ya 1971 na 1978, pamoja na filamu mbili zilizotangulia, ya 1968 na ya mapema 1971. Ukizihesabu ni hadithi 45. Yalikuwa ya Mwitaliano aliyefunga nyumba yake akarudi kwao, na vitu vyake vikaishia kwenye duka la mitumba ya nyumbani upande wa barabara ya Lamu, kati ya feni na sahani. Kijana wa duka alitaka elfu sita, tukaelewana elfu nne na mia tano. Nimeulizwa na zaidi ya mtu mmoja kama kuna haja ya kutoa hela zote hizo kwa kipindi cha zamani. Haja ipo, na haja yenyewe ni mtu mmoja, Peter Falk, mwigizaji wa huyo Columbo.

Falk alifariki tarehe 23 Juni 2011 huko Beverly Hills, akiwa na miaka 83, na miaka yake ya mwisho maradhi ya kusahau yalikuwa yameshamchukulia mengi. Mimi nampenda hadi leo na simfichi mtu. Nimetundika picha yake juu ya cherehani, wateja wakiuliza huyu nani nawaeleza, na wenye haraka hujuta kuuliza.

Nashona Shela ya hapa hapa Malindi. Wateja wangu wengi ni Waitaliano wa Casuarina na wa njia ya Mayungu: mapazia, foronya, suruali za kitani, magauni ya kitenge. Majumbani mwao ndimo nilimomwona kwanza, kwenye runinga za setilaiti, akiitwa il tenente Colombo, yaani Luteni Columbo, na kuzungumza Kiitaliano. Nilikuwa na tepu shingoni nikimpima mama wa nyumba, na jicho langu liko kwa koti la yule bwana.

Koti lile fundi yeyote akiliona atasimama. Ni koti la mvua la rangi ya mchanga, halina umbo tena, ukosi umelala upande, mifuko imevutwa chini na vitu anavyobeba: daftari, sigara, mara yai la kuchemsha. Halikutoka kwenye stoo ya mavazi ya studio. Falk alisimulia kwamba alilinunua mwenyewe New York, barabara ya 57, siku mvua ilipomkuta njiani, na kazi hii ilipokuja akalivaa. Nimesimamisha picha mara kwa mara kulitazama. Mkono wa kulia umekunjika palepale kila msimu, kwa sababu ndio mkono anaoupeleka kwenye paji la uso akifikiri. Nguo mpya huwezi kuifundisha hivyo. Ipo hadithi moja ya 1976, Now You See Him, ambapo mkewe amemnunulia koti jipya naye hawezi kufikiri nalo. Analisahau makusudi kila anapokwenda, na watu wema wanamrudishia. Kwangu mimi ile ndiyo hadithi ya kweli kuliko zote kuhusu mtu na nguo yake.

Na haya hayakumjia hivihivi. Baba yake alikuwa na duka la nguo na vitambaa huko Ossining, jimbo la New York. Mtoto aliyekulia kati ya majora ya vitambaa anajua nguo inamsema vipi aliyeivaa, na hilo nalisema kwa yakini kwa sababu mimi pia nilikulia hapo.

Jicho lake la kulia lilikuwa la bandia. Aliondolewa la kuzaliwa akiwa na miaka mitatu, kwa saratani. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba shuleni, kwenye mchezo wa besiboli, mwamuzi alimtoa naye akaona ameonewa, basi akalichopoa lile jicho akampa mwamuzi, kwamba wewe ndiye unayelihitaji zaidi. Jicho hilo hilo likamzuia kuingia jeshini, akaenda kwenye meli za biashara akawa mpishi. Baadaye akasoma utawala wa umma hadi shahada ya pili Chuo Kikuu cha Syracuse, mwaka 1953, akaajiriwa ofisi ya bajeti ya jimbo la Connecticut. Uigizaji wa kulipwa aliuingia akikaribia miaka thelathini. Ukimwona Columbo anavyowasikiliza makarani, wapishi na madereva kwa adabu, kumbuka kwamba mwigizaji mwenyewe alishapika jikoni melini na kukaa kwenye meza ya karani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike.

Mama yangu hajui Kiingereza wala Kiitaliano. Filamu za upelelezi nyingine humchosha, maana kila dakika ni kuuliza: huyu ni nani, huyu asema nini, nani kaua? Columbo haimchoshi. Richard Levinson na William Link, walioibuni, walipanga kwamba mwuaji aonekane mwanzo kabisa, akiua, akifuta alama, akijitengenezea ushahidi kwamba hakuwapo. Mpelelezi mwenyewe huchelewa kuja, pengine robo saa au zaidi imepita. Kwa hiyo Mama anapomwona Falk akiingia na koti lake, wanajua sawa mtazamaji na mwuaji, na wa tatu ndiye tunayemngojea ajue. Kilichobaki chote kiko usoni. Mama hukaa na ukili wake anasuka, hainui kichwa wakati wa maneno mengi, lakini Falk akinyamaza tu, ainua. “Ashajua huyo,” aniambia. “Yuwajua zamani, yuwamchezea.” Nami nikitazama maandishi ya chini naona Mama hajakosea.

Halafu kuna mlango. Luteni ameshaaga, ameshika kitasa, mwuaji ameshaanza kupumua, naye ageuka, mkono kwenye paji la uso, ana jambo dogo jingine. Mama humwahi. “Rudi mwanangu, rudi, hujamaliza.” Naye arudi. Sijui mwigizaji mwingine ambaye mtu asiyejua lugha yake anaweza kumwagiza namna hiyo na akatii. Falk alilifanya tendo hilo hilo kwa miaka kadhaa na kila mara lina sababu mpya: mara kweli amesahau, mara anasubiri mtu alegee, mara unaona huruma, anampa mwuaji nafasi ya mwisho kusema mwenyewe. Ukitazama vipande vifupi kwenye simu hutaona tofauti hiyo. Ukitazama kwa mpango, hadithi baada ya hadithi, unaiona, na hiyo ndiyo sababu nasema nunua makasha mazima.

Kuhusu sauti. Diski hizi zina Kiingereza cha asili na Kiitaliano, na maandishi ya chini. Wateja wangu wataniwia radhi: sikilizeni Kiingereza. Sauti ya Kiitaliano ni nzuri na imefanywa na watu wanaojua kazi, nami niliizoea miaka mingi, lakini imenyooshwa. Falk mwenyewe ana sauti yenye mkwaruzo, anaanza sentensi anaiacha, anaokota nyingine, anamtaja mke wake ambaye hatumwoni hata mara moja, anarudi kwenye neno la kwanza ulipokuwa umeshalisahau. Kusitasita huko ndiko kazi yenyewe. Mama, ambaye hafahamu neno katika lugha zote mbili, nilipomrudishia Kiingereza alisema huyu sasa ndiye mwenye uso ule.

Uanze wapi? Kama una usiku mmoja tu, weka A Stitch in Crime ya 1973. Daktari wa moyo, anayeigizwa na Leonard Nimoy, anamfanyia mwenzake upasuaji na kumshona kwa uzi unaoyeyuka mwilini pahali pa uzi wa kudumu, ili mtu afe taratibu baada ya siku kadhaa na ionekane ni maradhi. Muuguzi mmoja aushuku ule uzi, auawa. Mimi kwa kazi yangu najua uzi mbovu unavyoweza kujificha ndani ya mshono unaopendeza, na hadithi hii niliitazama nimeshika kitambaa mkononi bila kutia sindano. Humo Falk anakasirika kweli, ajabu kwa Columbo; daktari amcheka, naye apiga jagi juu ya meza kwa kishindo, na ile adabu yote yaondoka usoni mara moja. Uzi ulipatikana wapi sisemi.

Mama yeye chaguo lake ni Try and Catch Me ya 1977, ambapo mwuaji ni bibi mzee mwandishi wa hadithi za mauaji, anayeigizwa na Ruth Gordon, aliyemfungia ndani ya sefu mume wa mpwa wake kwa sababu aamini ndiye aliyemwua yule mpwa. Falk na Gordon wanapendana wazi, na kila mmoja ajua mwenzake ni nani. Mama alimtaka Luteni amwache bibi wa watu aende zake. Tulibishana hadi kesho yake, na mimi bado nashikilia kwamba asingekuwa Columbo kama angemwacha.

Étude in Black ya 1972 ina John Cassavetes, anayeigiza mwongozaji wa okestra, na ua moja la kwenye koti linalomponza. Falk na Cassavetes walikuwa marafiki hasa nje ya kazi hii na walifanya filamu pamoja, na inaonekana: wanavyotazamana si kama wengine. Mbwa wa Columbo, yule wa masikio marefu, anaanzia hapo. Any Old Port in a Storm, ile ya Donald Pleasence na divai yake iliyoharibiwa na joto, Mama hakuitaka kwa sababu ya pombe, nikaitazama peke yangu. Ile safari ya mwisho ndani ya gari, mpelelezi na mwuaji wakizungumza kwa heshima, sijaona mfano wake. Na ile ya kwanza ya msimu wa kwanza, Murder by the Book, iliyoonyeshwa Septemba 1971, iliongozwa na Steven Spielberg akiwa na miaka 24. Blueprint for Murder Falk aliiongoza mwenyewe.

Gari nalo lina wapenzi wake. Kaka yangu ni makanika, na huja kwa ajili ya ile Peugeot 403 isiyo na paa tu. Akifika atazungumza juu ya 404 zilizoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena 1966 hadi 1968, na 504 za abiria za utotoni mwetu, hadi Mama amwombe anyamaze.

Zote si nzuri sawa. Nyingine ni za saa moja na robo, nyingine saa moja u nusu, na zile ndefu baadhi zimevutwa tu. Ninayowaonya nayo ni Last Salute to the Commodore ya 1976. Humo walibadilisha mtindo, mwuaji hakuonyeshwa mwanzoni, na Falk anacheza kama mtu aliyeambiwa awe mtu mwingine. Mama aliweka ukili chini akauliza nani kaua, na hakuna aliyemjibu hadi mwisho. Alikwenda kulala kabla haijaisha.

Kabla hujalipa, yaangalie haya. Diski za filamu hufungwa kwa maeneo ya dunia: za Ulaya ni za eneo la 2 na Kenya iko eneo la 5, kwa hiyo deki yako lazima iwe inasoma maeneo yote. Nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa zinasoma, lakini mwambie muuzaji aijaribu mbele yako. Geuza kila diski uitazame kwenye mwanga, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma. Mojawapo ya zangu, ya msimu wa tano, inakwama katikati, na muuzaji alinipunguzia kwa hilo. Picha ni ya umbo la mraba kama runinga za enzi hizo, itaacha weusi pembeni. Wanao wakiinyoosha ijaze kioo, irudisheni. Uso wa Falk ukivutwa upana, yale macho hayasemi tena.

Nilichokosa ni zile hadithi 24 za baadaye, zilizotoka 1989 hadi 2003, wakati nywele zake zimeshakuwa na mvi. Aliye nazo Malindi, Watamu au hata Lamu, zenye sauti ya asili, aniulizie Shela kwa mafundi wa nguo. Nalipa taslimu, na asiyetaka pesa nitamshonea mapazia ya nyumba nzima, kitambaa chake, mshono wangu.