Maombi ya nyumba maalumu za NDIS nchini Australia
Nilimsaidia kaka yangu, anayetumia kiti cha magurudumu, kuomba nyumba maalumu kupitia NDIS, mpango wa bima ya ulemavu wa serikali ya Australia, na lazima nikiri kwamba nyumba aliyoipata ni bora kuliko njia ya kuipata. Milango ni mipana, bafu halina kizingiti, na dari limeimarishwa ili libebe mashine ya kumnyanyulia. Mchango wake wa kodi ni 25% ya pensheni ya msingi ya ulemavu, pamoja na ruzuku yote ya kodi anayopewa na serikali.

Kazi iko kwenye ushahidi. Haitoshi kuwa na ulemavu. Sharti ithibitishwe kwamba mwombaji ana upungufu mkubwa mno wa uwezo wa kufanya shughuli za kila siku au anahitaji uangalizi wa kiwango cha juu sana. Ripoti yetu ya kwanza, iliyoandikwa na kliniki ambayo sitaitaja, ilieleza ugonjwa kwa kirefu bila kuonyesha kwa nini nyumba ya kawaida, hata ikirekebishwa, isingemfaa, nasi tukakataliwa. Tuliomba uamuzi upitiwe upya ndani ya miezi 3 inayoruhusiwa, safari hii tukiwa na ripoti ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayepima jinsi mtu anavyomudu shughuli za kila siku, aliyemtembelea kaka yangu nyumbani. Fedha za wasaidizi wanaomhudumia, kumbuka, huhesabiwa kando na zile za nyumba.