Kuingia London, kutokea Paris: uzoefu wangu na tiketi ya miji miwili na treni ya Eurostar

Kwa safari ya siku sita au saba ya London na Paris, mpango ninaoupa alama zote ni huu: ndege inakushusha London, unavuka kwa treni ya Eurostar katikati ya safari, na ndege ya kurudi inakuchukulia Paris. Wengi hukata tiketi ya kwenda na kurudi London kwa sababu ndiyo inayotokea kwanza kwenye tovuti na bei yake inavutia. Jumlisha treni ya pili ya kurudi London, usiku mmoja zaidi wa hoteli na nusu siku inayoishia njiani, halafu linganisha tena.

Unapotafuta ndege, usikate tiketi mbili za kwenda tu. Kwenye safari ndefu, tiketi ya kwenda tu mara nyingi ni ghali kuliko nusu ya tiketi ya kwenda na kurudi. Tafuta palipoandikwa safari ya miji mingi. Mstari wa kwanza jaza mji unaoondokea hadi London, wa pili Paris hadi nyumbani. Pengo la London na Paris liache wazi, treni italiziba. Kumbuka tu kwamba hiyo ni tiketi moja: usipopanda ndege ya kwanza, shirika kwa kawaida hufuta na ya pili.

Kwa nini London iwe ya kwanza? Kodi. Uingereza humtoza kodi abiria wa ndege anayeondoka, si anayeingia. Kuanzia Aprili 2025, kwa safari ya maili 2,001 hadi 5,500 kutoka London, kodi hiyo ilikuwa pauni 90 kwa daraja la kawaida, na kwa madaraja ya juu pauni 216. Ufaransa nayo ilipandisha ya kwake Machi 2025, lakini kwa masafa ya zaidi ya kilomita 5,500 daraja la kawaida ni euro 40. Ukiondoka London kwa treni, ile kodi ya ndege haikuhusu. Kwa familia tofauti hiyo ni kubwa, ingawa watoto wa chini ya miaka 16 husamehewa na Uingereza katika daraja la kawaida.

Viza ndiyo inayowaangusha wengi. Ya Uingereza na ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ufaransa ikiwemo) ni viza mbili tofauti kabisa, na hakuna inayofungua mlango wa nchi nyingine. Ombi la Schengen kupitia Ufaransa hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, na bima ya matibabu lazima iwe ya angalau euro 30,000. Kwa mpango huu viza ya Schengen ya kuingia mara moja inatosha, kwani unaingia Ufaransa mara moja na kutoka mara moja. Hatari iko kwenye ndege ya kwenda. Ukipitia Amsterdam au Frankfurt kwa tiketi mbili zisizounganishwa, ukalazimika kutoka kuchukua mizigo na kuikabidhi upya, umeshaingia Schengen na viza yako imetumika. Utafika London salama, kisha treni ya Paris ikushinde. Hakikisha ndege zote za kwenda ziko kwenye tiketi moja na mizigo inafika London moja kwa moja.

Jambo jingine linaloshangaza wageni: ukaguzi wa kuingia Ufaransa hufanyika London. Pale stesheni ya St Pancras, maofisa wa mpaka wa Ufaransa hukukagua kabla hujapanda, kwa hiyo tarehe ya kuanza kwa viza yako lazima iwe imefika siku ya treni. Ukishuka Gare du Nord, stesheni ya Paris, unatembea hadi barabarani bila kuonyesha pasipoti. Kwangu hili ndilo linaloifanya treni iishinde ndege kati ya miji hii. Safari yenyewe ni saa mbili na kama robo, na unashukia mjini.

Treni ikate mara tu ndege zikishathibitishwa, kwa sababu nauli hupanda kadiri siku inavyokaribia. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Mimi huchagua ya saa nne asubuhi au karibu na hapo. Paris iko mbele kwa saa moja, hivyo unafika kama saa saba na dakika 20 mchana, muda mzuri wa kuacha mizigo hotelini ukale. Treni za alfajiri huwa na nauli nzuri, lakini malango ya tiketi hufungwa dakika 30 kabla ya kuondoka, na tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso mpakani. Fika mapema zaidi ya saa moja. Kwa tiketi ya kawaida unaruhusiwa masanduku mawili yenye urefu usiozidi sentimita 85 na mfuko mmoja mdogo. Hayapimwi uzito, ila utayabeba mwenyewe hadi ndani ya behewa. Sharti la chupa za mililita 100 la viwanja vya ndege halipo hapa. Mkate wenye nyama au jibini umalize kabla, maana nyama na maziwa kutoka Uingereza hayaruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya.

Usiipange treni siku moja na ndege. Ni mikataba miwili tofauti: treni ikichelewa, shirika la ndege haliwajibiki kwako wala halikungojei. Iweke katikati, ikiwa na angalau usiku mmoja kila upande.

Hoteli nazipanga kwa njia za reli, si kwa umaarufu wa mtaa. London, tafuta kandokando ya njia ya Piccadilly ya treni za chini ya ardhi, inayotoka uwanja wa ndege wa Heathrow hadi King's Cross St Pancras bila kubadilisha. Earl's Court ni pazuri, na Russell Square ni kituo kimoja tu kabla ya St Pancras, ingawa hakina ngazi za umeme. Kuna lifti, na zikikwama ni ngazi 175. Paris, kaa karibu na RER B, njia ya treni ya mjini na vitongoji, kwenye vituo kama Saint-Michel, Luxembourg au Denfert-Rochereau. Treni hiyohiyo inakutoa Gare du Nord siku ya kufika na kukupeleka uwanja wa Charles de Gaulle siku ya kuondoka. Chagua bei inayorudishwa hadi viza itoke, na uulize kama kodi ya wageni ya Paris imo, kwani mara nyingi hulipwa mapokezi, kwa kila mtu kwa kila usiku.

Siku ya kurudi, tiketi ya kawaida ya metro haifai kwa uwanja wa ndege. Nunua ya uwanja, ambayo tangu Januari 2025 ina bei moja, ilianza na euro 13. Halafu soma ubao kabla ya kupanda. Njia ya RER B upande wa kaskazini inagawanyika kituo cha Aulnay: tawi moja linakwenda Mitry-Claye, jingine uwanjani. Namba ya tawi la uwanja ni B3, la Mitry ni B5. Ukiwa na ndege ya Terminal 1 au 3 shuka Charles de Gaulle 1. Ya Terminal 2 endelea hadi mwisho. Njia hii hufungwa kwa matengenezo baadhi ya usiku na wikiendi, basi angalia ratiba jioni ya kuamkia safari, si asubuhi ukiwa na sanduku mkononi.