Nililipa shilingi 3,000 nitafutiwe mada ya tasnifu Kisumu

Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa mwaka wa nne wa sheria wanaohangaika na mada wakati huu, hasa wale waliochagua utaratibu wa kesi za madai. Hapa Kisumu zipo ofisi zinazowatafutia wanafunzi mada kwa malipo, nami niliingia katika mojawapo mwezi wa pili. Jina sitalitaja, kwa sababu waliomo ni vijana wanaotafuta riziki, na kosa nitakalolieleza si lao peke yao. Ofisi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Nawapa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za kazi ambayo sikuwaendea.

Huduma ni hivi. Unalipa shilingi 3,000 kwa M-Pesa, unajaza karatasi moja: chuo, somo, jina la msimamizi, tarehe ya mwisho. Hakuna mahali panapokuuliza umewahi kuona nini mahakamani, wala ni kanuni gani iliyokusumbua darasani. Baada ya siku mbili nilitumiwa mada tatu. "Upatikanaji wa haki nchini Kenya: changamoto na mapendekezo." "Athari za teknolojia katika mahakama za Kenya." "Ucheleweshaji wa kesi za madai: sababu na suluhisho."

Nilizipenda. Zilikuwa na uzito wa vichwa vya vitabu vya maktaba. Nikachukua ya tatu, nikampelekea msimamizi wangu. Aliisoma, akaniuliza neno moja: "Kanuni gani?" Nikakosa jibu. Akasema, "Ucheleweshaji ni malalamiko. Kila aliyewahi kwenda kortini analo. Wewe niletee kanuni, uniambie inasema nini na inakwama wapi."

Nilitoka nikiwa nimeudhika, lakini usiku ule nilipofungua Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010 nilimwelewa. Hakuna Agizo, yaani sehemu ya Kanuni hizo, lenye kichwa "ucheleweshaji". Kuna Agizo la 11 linalosimamia maandalizi kabla ya kusikilizwa. Kuna Agizo la 17, ambalo kanuni yake ya pili inaruhusu kesi iliyokaa mwaka mzima bila hatua yoyote itupiliwe mbali, na hapo mahakama zetu bado hurejelea kipimo cha kesi ya Ivita dhidi ya Kyumbu ya 1984: je, kuchelewa ni kwa muda mrefu, hakuna udhuru, na je, haki bado inaweza kutendeka? Kuna vifungu vya 1A na 1B vya Sheria yenyewe ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21, vilivyoingizwa mwaka 2009 ili kesi ziamuliwe kwa haki, kwa haraka na kwa gharama inayobebeka. Kila kimojawapo kinatosha tasnifu nzima. Mimi nina maneno 12,000 tu.

Nilirudi ofisini. Kijana wa mezani alinipokea kwa heshima, nami nampa haki yake. "Dada, usijali, tutaifinya." Akaongeza mwishoni: "Uchunguzi wa Kaunti ya Kisumu." Eneo likawa dogo, swali likabaki lilelile. Wiki iliyofuata, katika kikundi chetu cha masomo, mwenzangu alitusomea mada yake. Ilikuwa yangu, neno kwa neno, isipokuwa yeye alipewa Kaunti ya Kakamega. Tulitazamana. Yeye pia alikuwa amelipa 3,000.

Walinipa pia pendekezo la kuniandikia tasnifu yote kwa shilingi 28,000. Nilikataa. Ukurasa wa kwanza wa tasnifu una tamko ninalolitia sahihi kwamba kazi ni yangu, na ninajiandaa kwa taaluma ambayo mtu huapa hati za kiapo kila siku.

Sasa nieleze mada niliyoipata, na ilikotoka, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Mama mdogo wangu anauza samaki aina ya ngege katika soko la Kibuye. Mwaka jana alikuja dalali wa mahakama na karatasi, akaorodhesha friza, mizani na viti vya nyumbani, akampa siku saba alipe, la sivyo vitu vichukuliwe. Mama mdogo hakujua hata kwamba ameshtakiwa. Deni lenyewe, shilingi 86,000 za muuzaji mmoja wa jumla, alikuwa akilibishania kwa maneno tangu zamani. Kumbe kesi ilifunguliwa, samansi, yaani wito wa kujibu kesi, "ikapelekwa", hakujibu, hukumu ikatolewa chini ya Agizo la 10 kama inavyotolewa kwa mdaiwa asiyejitokeza.

Samansi ilipelekwa kwa WhatsApp. Namba iliyotumika ilikuwa kwenye risiti ya zamani. Simu yenye laini hiyo alikuwa amempa mwanawe aliye Ahero. Kijana aliona faili kutoka kwa namba asiyoijua, akadhani ni matangazo, akaipita. Katika hati ya kiapo ya mpeleka samansi kulikuwa na picha ya skrini yenye tiki mbili.

"Mwanangu," mama mdogo aliniambia tukiwa tumekaa kwenye benchi la korti, "hizo tiki ni macho yangu?"

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Hukumu ilitenguliwa baadaye, akapewa nafasi ya kujitetea, na friza bado iko Kibuye. Lakini swali lake lilinikaa. Na msimamizi aliponiuliza "kanuni gani?", nilichohitaji nilikuwa nacho tayari kutoka kwenye lile benchi, sikukitambua tu kwa sababu nilifikiri mada ni kitu cha kutafutwa mahali pakubwa kuliko Kibuye.

Kanuni ni ya 22C ya Agizo la 5, iliyoongezwa mwaka 2020 pamoja na 22B ya barua pepe. Inaruhusu samansi itumwe kwa programu za ujumbe za simu, kwa namba ya mwisho ya mdaiwa inayojulikana na kutumika. Anayepeleka lazima aape hati ya kiapo na aambatishe uthibitisho kwamba ujumbe umefika. Soma tena maneno hayo polepole: inayojulikana na kutumika. Inayojulikana na nani? Kutumika na nani, na lini? Umefika kwenye simu, au umefika kwa mtu? Kwa wakili wa mjini mwenye simu moja na laini moja, pengine hakuna tofauti. Kwa mama wa sokoni ambaye simu yake huzunguka ukoo mzima, tofauti ndiyo kesi yenyewe.

Uzito wake unaonekana hatua inayofuata. Mahakama ikikuta samansi haikupelekwa ipasavyo, hukumu hutenguliwa kama haki ya mdaiwa, bila kutegemea hiari ya hakimu. Ikikuta ilipelekwa ipasavyo, mdaiwa huangukia hiari hiyo, na hapo hutajwa kesi ya Shah dhidi ya Mbogo ya 1967: hiari ipo kumwokoa aliyepatwa na ajali, kupitiwa au kosa linalosameheka, haipo kumsaidia anayekusudia kuchelewesha haki. Kwa hiyo tiki mbili ndizo zinazoamua mama mdogo anaingia mlango upi, wa haki yake au wa kuomba huruma. Nilipoandika sentensi hiyo kwenye daftari nilijua nimepata tasnifu.

Chombo kilichonisaidia kuanzia hapo ni cha bure, na nyota tano nakipa hicho: tovuti ya Kenya Law, inayoendeshwa na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Sheria zote ziko pale, kanuni ziko pale, na maamuzi ya mahakama kwa maelfu. Nilichojifunza ni kwamba usitafute kwa mada, utafute kwa namba ya kanuni. Nilipoandika maneno ya jumla nililetewa bahari. Nilipoandika "22C" pamoja na "WhatsApp", nilipata maamuzi ambayo ningeweza kuyasoma mpaka mwisho. Kumbuka pia kwamba maamuzi ya miaka iliyopita yanatambulishwa kwa eKLR, kifupi cha ripoti za kielektroniki za Kenya Law, na ya karibuni kwa vifupi vya mahakama husika, kama KEHC kwa Mahakama Kuu, kwa hiyo usishangae ukiona rejeleo la sura mbili. Nilisoma kwa simu, nikilipa data yangu, jioni tatu. Gharama yote haikufika shilingi 300.

Na nenda mahakamani. Mahakama ni ya wazi. Jiji hili lina Mahakama Kuu, lina Mahakama ya Rufani, lina mahakama ya mazingira na ardhi, na ukipanda matatu kidogo una Winam na Maseno. Siku hizi kesi zinazotajwa tu bila kusikiliza mashahidi nyingi hufanyika kwa mtandao, kwa hiyo uliza masjala siku ambazo mashahidi wanasikilizwa ana kwa ana. Kaa nyuma, nyamaza, andika kila mahali wakili na hakimu wanapovutana juu ya namba ya kanuni. Asubuhi mbili zilinipa maswali saba. Ofisi ya ghorofani ilinipa vichwa vitatu.

Mwenzangu aliyepewa Kakamega naye aliachana na ile mada. Amechukua Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, mpaka wa dai ni shilingi milioni moja, na kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Swali lake ni moja tu: siku ya 61 inakuwaje? Hukumu inayotolewa siku hiyo ni hukumu, au ni karatasi? Majaji wa Mahakama Kuu wamekwisha kutoa majibu yanayopingana, na majaji wakipingana juu ya neno moja, mwanafunzi ana mahali pa kusimama. Nilimwonea wivu kidogo, ni mada nzuri sana.

Kama bado huna chochote, fikiria kifungo cha madai, yaani kumfunga mtu kwa deni alilohukumiwa kulipa. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, kabla hajawa Jaji Mkuu, aliona kwamba kufunga kwa sababu ya deni kunakinzana na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia ambao Kenya imeridhia. Mwaka 2012 Jaji David Majanja akaliendea jambo hilohilo kwa njia tofauti. Anzia kwenye pengo lililo kati ya hao wawili. Usianzie "haki za wadaiwa nchini Kenya".

Onyo moja kuhusu Kifungu cha 159(2)(d) cha Katiba, kile kinachotaka haki itendeke bila kung'ang'ania mno ufundi wa taratibu. Karibu kila mwanafunzi anataka kukiandikia, nami pia nilitaka. Kiache, isipokuwa unakifunga kwenye kanuni moja na kosa moja, mathalani hati ya rufaa iliyowasilishwa nje ya muda. Kikiachwa huru kitameza kurasa zako zote.

Nirudi kwenye ofisi. Nyota zao mbili wamezipata kwa haki. Mpangilio wao wa kurasa ni safi, tanbihi zangu walizinyoosha zote 140 bila kupoteza hata moja, na wanajua taratibu za majalada za kila chuo cha ukanda huu. Ningewaomba waondoe tu bango lao linalotangaza mada, au basi waongeze swali moja kwenye karatasi yao: ni kitu gani ulichokiona kikiumiza mtu?

Ijumaa iliyopita nilirudi kwao kujalidi nakala tatu za pendekezo langu, shilingi 150 kila moja. Kijana yule alisoma kichwa kwenye jalada: "Namba inayojulikana na kutumika: uthibitisho wa kupelekwa kwa samansi kwa ujumbe wa simu chini ya kanuni ya 22C ya Agizo la 5." Akaniuliza kama kweli korti inaweza kumshtaki mtu kwa WhatsApp. Nikaketi nikamweleza, karibu nusu saa, huku gundi ikikauka.