Uzoefu wangu na sauti ya Linux Mint 22 kwenye kompyuta ya mezani iliyotumika

Tathmini hii inahusu upande mmoja tu wa Linux Mint 22, mfumo endeshi wa kompyuta, yaani sauti, kwa sababu ndio ulioamua kama kompyuta hii ingebaki mezani kwangu au ingerudishwa Kampala ilikonunuliwa. Ninafundisha Kiswahili mjini Tororo. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020 na Kiswahili kikawa somo la lazima katika madarasa ya S1 na S2 (miaka miwili ya kwanza ya sekondari hapa Uganda), nimekuwa nikirekodi masomo ya kusikiliza: imla, mazungumzo mafupi na mazoezi ya matamshi. Kwa kazi ya namna hii sauti mbovu si usumbufu mdogo, kwani mwanafunzi asiyesikia silabi ya kwanza ya sentensi hawezi kuiandika, hata kama mengine yote ameyasikia vizuri.

Hukumu yangu naitoa mapema. Sauti ya mfumo huu, ikishatengemaa, ni safi na haisumbui, na karibu kila hitilafu niliyokutana nayo ilikuwa na sababu inayoweza kupatikana kwa kuuliza mashine yenyewe. Kasoro yake ni kwamba dirisha la mipangilio ya Sauti linaonyesha ngazi ya juu peke yake, ilhali hitilafu nyingi hukaa chini yake.

Ngazi hizo zinafaa kuelezwa, maana bila kuzijua mtu huishia kubahatisha. Chini kabisa kuna kerneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na sehemu yake ya sauti iitwayo ALSA, iliyochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa OSS katika kerneli ya 2.6 mwishoni mwa mwaka 2003, na hiyo ndiyo huendesha chipu ya sauti. Juu yake hukaa seva ya sauti, programu inayopokea sauti za programu zote na kuzipeleka kwenye kifaa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa PulseAudio. Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, ilianza kuitumia kama seva yake ya kawaida mwaka 2007 na Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, ikafuata mwaka 2008. Siku hizi nafasi hiyo imechukuliwa na PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat, ambayo Linux Mint iliipokea katika toleo la 22 lililotoka Julai 2024. PipeWire nayo ina mwenzake, WirePlumber, ambaye huamua sauti ya kila programu itoke kwenye kifaa kipi. Maelekezo mengi unayoyakuta mtandaoni bado ni ya enzi za PulseAudio, na si yote yaliyopitwa na wakati, kwa kuwa PipeWire hujifanya PulseAudio mbele ya programu za zamani: ukiandika pactl info kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), jina la seva litakuja kama PulseAudio (on PipeWire 1.0.5).

Kompyuta yangu ilianza kwa ukimya kamili. Spika zilikuwa zimechomekwa nyuma, kitelezi cha sauti kiko juu, na video inacheza bila kutoa hata mnong'ono. Fundi mmoja wa hapa mjini aliitazama, akabonyeza huku na kule, akasema, "Mwalimu, kadi ya sauti imekufa, tafuta nyingine." Kwa bahati, mwalimu mwenzangu aliyeko Kampala alinipigia simu jioni ile, akanishauri nisinunue wala kupakua chochote kabla ya kujua kerneli inaona nini. Amri ya aplay -l huorodhesha kadi zote ambazo ALSA inazitambua, na kwangu ilileta mbili: kadi ya HDMI, inayopitisha sauti kwenye waya wa skrini, na kadi ya analogi yenye chipu ya Realtek. Kadi iliyokufa kwa kawaida haijitokezi kwenye orodha hiyo, kwa hiyo tatizo lilikuwa juu yake.

Nikapanda ngazi moja. Amri ya wpctl status huonyesha vifaa vya kutolea sauti kama PipeWire inavyoviona, na kile kinachotumika huwekewa nyota. Nyota ilikuwa kwenye HDMI. Skrini yangu haina spika, lakini waya wa HDMI unatosha kuufanya mfumo uamini kwamba sauti inaweza kupita huko. Unaweza kubadilisha kwa wpctl set-default ukifuatisha namba ya kifaa, au kwa kubofya tu kifaa unachokitaka kwenye dirisha la Sauti, jambo ambalo kwa kweli ni jepesi zaidi. Kwa watu wengi, habari huishia hapo.

Kwangu haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kifaa sahihi kilikuwa kimechaguliwa, mshale wa kipimo cha sauti unacheza, na spika bado kimya. Nilifungua alsamixer, programu ya terminali ya kurekebisha vitelezi vya ALSA. Kwenye mashine yenye PipeWire programu hii inaweza kufunguka ikionyesha kitelezi kimoja tu, na mtu akadhani hakuna zaidi. Lazima ubonyeze F6 uchague kadi halisi, ndipo vitelezi vyote vinapojitokeza. Palipoandikwa MM chini ya kitelezi, njia hiyo imezimwa, na kitufe cha M huifungua ikawa 00. Vyangu vyote vilikuwa wazi. Lakini mwisho wa safu kulikuwa na kipengele kiitwacho Auto-Mute Mode, nacho kilikuwa kimewashwa.

Kazi yake ni ya busara: ukichomeka hedifoni kwenye tundu la mbele, spika za nyuma zinyamaze. Tatizo ni kwamba tundu la mbele la kompyuta iliyotumika miaka mingi ofisini huwa limechomekwa na kuchomolewa mara nyingi mno, na kile kibati cha ndani kinachotambua kama kuna hedifoni hupinda au hukwama. Hapo chipu huamini kuna hedifoni muda wote, na spika za nyuma hunyamazishwa bila kitelezi chochote kuonyesha hivyo. Ni sawa na kufungua bomba la jikoni wakati koki ya nje ya nyumba imefungwa. Nilichomeka hedifoni mbele, sauti ikasikika mara moja; nikahamisha Auto-Mute Mode kwenye Disabled, nikachagua Line Out (tundu la nyuma) kwenye dirisha la Sauti, na spika za nyuma zikaamka. Kadi ambayo ingetupwa haikuwa na kosa lolote. Simlaumu fundi, maana katika dirisha alilokuwa akilitazama kipengele hicho hakionekani kabisa, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kuhusu mfumo huu.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa nchi zenye umeme wa uhakika hawalitaji sana. Mabadiliko unayoyafanya kwenye alsamixer huandikwa kwenye faili la /var/lib/alsa/asound.state pale kompyuta inapozimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla kabla ya hapo, hakuna kilichoandikwa, na ukiwasha tena unakutana na mipangilio ya zamani, spika kimya kama mwanzo. Anayeishi Tororo anajua kwamba kukatika kwa umeme si habari. Dawa ni kuandika sudo alsactl store (sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi) mara tu baada ya kurekebisha, ili mipangilio ihifadhiwe papo hapo bila kusubiri kuzima. Amri hiyo ni fupi, lakini bila hiyo ningeendelea kuamini kwamba mashine ina pepo.

Baada ya ukimya likaja tatizo la kukatika kwa mwanzo wa sauti. Nikicheza rekodi baada ya kukaa kimya kidogo, spika zilitoa mlio mdogo wa "pa", kisha silabi ya kwanza ikapotea: "Watoto wanacheza" ikasikika "toto wanacheza". Kwa muziki mtu angevumilia. Kwa imla haiwezekani. Chanzo ni kuokoa nishati. Draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya snd_hda_intel, ambayo huhudumia chipu nyingi za sauti za kompyuta za mezani, huweza kuilaza chipu ikikaa bila kazi kwa sekunde chache, na kuiamsha huchukua muda. Kuangalia ni rahisi: cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save. Jibu la sifuri maana yake chipu hailazwi. Langu lilikuwa 1, yaani sekunde moja tu. Nikajaribu kwanza kwa muda, kwa kuandika echo 0 | sudo tee na njia ya faili lile lile, na mlio ukaisha. Ndipo nikaandika mstari wa options snd_hda_intel power_save=0 kwenye faili dogo ndani ya /etc/modprobe.d, ili ubaki hata baada ya kuwasha upya. Kwa kompyuta ya mezani sioni hasara yoyote. Kerneli yenyewe ina orodha ya mashine ambazo haizilazi kwa sababu ya mlio huu huu, ila yangu haimo.

Hata hivyo PipeWire nayo ina usingizi wake: WirePlumber hukisimamisha kifaa kikikaa kimya kwa sekunde 5. Baadhi ya watu hulazimika kuuzuia huo pia, na hapa kuna mtego wa matoleo. Linux Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, yenye WirePlumber ya mfululizo wa 0.4, ambayo mipangilio yake huandikwa kwa lugha ya programu ya Lua. Toleo la 0.5, lililotoka mwaka 2024, liliachana na mtindo huo. Maelekezo mengi mapya ni ya 0.5, na ukiyanakili kwenye Mint 22 hayatafanya lolote wala kukuambia kwamba hayakufanya lolote. Mimi sikuhitaji kufika huko, lakini anayehitaji atazame kwanza namba ya toleo lake.

Kuhusu kurekodi nitasema machache. Katika alsamixer, F4 hufungua upande wa kuingizia sauti, na kipengele cha Front Mic Boost ndicho huleta fujo nyingi: kikiwa juu mno, mvumo hupanda pamoja na sauti yako. Nilikishusha, nikapandisha Capture, yaani kiwango cha kurekodi, na hali ikaboreka. Mngurumo wa chini uliobaki ulikuwa wa umeme wenyewe, ule wa hezi 50, na ulipungua nilipohamisha spika na kompyuta kwenye soketi moja ya ukutani. Mchakacho wa tundu la mbele haukuondoka. Unatokana na waya mwembamba unaopita karibu na diski na feni ndani ya kasha, na hakuna amri ya Linux inayoweza kuunyoosha waya. Mwishowe nilinunua maikrofoni ya USB, ambayo hutumia draiva iliyomo tayari ndani ya kerneli na haipiti kwenye chipu ya analogi kabisa. Ilitambuliwa nilipoichomeka, bila kupakua chochote, jambo linaloheshimu bando la mtu.

Pale programu moja inapogoma kutoa sauti ilhali nyingine zinatoa, sijawahi kuhitaji kuwasha upya kompyuta nzima: systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse huianzisha upya ngazi ya juu kwa sekunde chache, bila sudo na bila kufunga kazi iliyo wazi, ingawa kivinjari wakati mwingine hutaka ukurasa upakiwe tena.

Je, ningeupendekeza mfumo huu kwa mwalimu mwenzangu? Ndiyo, endapo yuko tayari kufungua terminali au ana jirani aliye tayari. Faili la kusakinisha ni karibu gigabaiti 3, kwa hiyo ni afadhali kunakili kutoka kwa mtu aliyenalo. Na kwa kuwa Mint hufunguka moja kwa moja kutoka kwenye kifimbo cha USB bila kusakinishwa, anayekwenda kununua kompyuta iliyotumika aende nacho pamoja na hedifoni, aombe muuzaji awashe mashine kwa kifimbo hicho, aandike aplay -l, kisha acheze sauti kupitia tundu la nyuma na la mbele, na ajaribu maikrofoni kabla ya kutoa fedha. Muuzaji akikataa jaribio hilo, maduka mengine yapo.