Begi la Magurudumu au la Mgongoni: Lipi Uingie Nalo Ndani ya Ndege?

Kinachowaponza wengi ni mizani. Emirates, kwa abiria wa daraja la kawaida, huruhusu mzigo wa mkononi wa kilo 7. Begi dogo la magurudumu likiwa tupu mara nyingi huwa na kilo 2 hadi 3, kwa hiyo karibu theluthi ya ruhusa yako imeliwa hata kabla hujaweka shati moja. La mgongoni huwa na kilo moja hivi.

Kuna na vipimo. British Airways huweka ukomo wa sentimita 56 kwa 45 kwa 25, magurudumu na mishikio ikihesabiwa humo humo. Begi gumu likizidi sentimita mbili halibembelezeki. La kitambaa unaligandamiza likaingia. (Ila ukilijaza mpaka likavimba kama chura, usitegemee huruma.)

La magurudumu lina raha yake: mgongo unapumzika na nguo hazikunjamani. Na shirika hilo hilo la Uingereza huruhusu hadi kilo 23, hapo uzito wa begi lenyewe si hoja.

Jambo moja haliangalii aina ya begi. Nafasi ya juu ikijaa, mzigo wako unaweza kuchukuliwa mlangoni pa ndege upelekwe chini kwenye sehemu ya mizigo, na pawabenki lazima uitoe ubaki nayo. Kwenye la mgongoni huwa mfukoni tu. Kwenye sanduku utapiga magoti na kufungua kila kitu mbele ya foleni.

Mimi hubeba la mgongoni.